Ukisikia honi, shuka!

Wapenzi wasomaji, safu ya leo nimeiandika nikiwa nimesimama. Msinicheke. Kukaa hakukaliki, na sababu yake mtaijua sasa hivi.

Kisa chenyewe kilianza na mdomo wangu. Nilikuwa Musoma kwa mjomba, likizo fupi tu ya kupumzisha akili. Jioni moja tukakaa ufukweni kule Makoko na binamu yangu, sato mzima mezani, jua linazama ziwani taratibu. Basi binamu akaanza uchokozi. Eti sisi vijana wa mjini hatuna pumzi, tukipanda ngazi mbili tunaulizia kiti. Nami kwa kutaka sifa nikatamka mbele ya watu kwamba kesho yake naenda Butiama kwa baiskeli. Binamu alicheka nusura apaliwe na mwiba.

"Kaka, wewe? Makutano tu hufiki!"

Ikawa kasheshe. Mwanaume ukishasema mbele ya watu, kurudi nyuma ni aibu ya mwaka mzima.

Mjomba ana Phoenix nyeusi ya siku nyingi, ile yenye keria pana na mlingoti katikati. Haendeshi tena, lakini kila Jumamosi anaipangusa na kuitia mafuta kama vile kesho ana safari. Alfajiri akanikabidhi. Akabonyeza tairi, akajaribu breki, akapiga kengele mara mbili, halafu akanipa sharti moja tu.

"Mjomba, barabarani usibishane na mtu. Ukisikia honi, shuka."

Nikasema sawa, bila hata kuuliza kwa nini.

Kwa ambao hamjafika Musoma, mji huu umekaa kwenye rasi, maji yameuzunguka pande tatu. Upande wa kaskazini ndiyo Ghuba ya Mara, ambako Mto Mara unaotoka Kenya na kukatiza Serengeti unamaliza safari yake na kuingia Ziwa Victoria. Ukitoka Makoko asubuhi na mapema, ziwa limetulia tuli, majabali makubwa yamepangana ufukweni kama yamewekwa na fundi, na upepo ni wa bure. Nilipitia Mwigobero kuona mitumbwi ikishusha samaki, nikatazama ng'ambo ya ghuba upande wa Kinesi, nikajisemea kumbe raha yote hii watu tunaipita tumelala kwenye siti za basi.

Nilisimama kidogo Mwisenge. Pale ndipo mwaka 1934 alipoletwa shule mtoto mmoja wa miaka 12 kutoka Butiama, jina lake Kambarage, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kama Julius Nyerere. Mwendo wenyewe ulikuwa maili kama 26, na yeye alizipiga kwa miguu. Mimi nina magurudumu mawili na chupa ya maji, halafu nihofie nini? Nikapanda baiskeli kwa mbwembwe, nikaitafuta Nyasho, nikaipita stendi ya Bweri, nikaikamata lami ya kwenda Makutano.

Hapo ndipo nilipokutana na mwalimu wangu wa siku hiyo. Jamaa mmoja wa makamo, kwenye keria kafunga tenga la dagaa limemzidi kimo, anapiga pedali bila papara. Mimi niliyebeba mifupa yangu tu nilikuwa nahema, yeye mwenye mzigo anapiga mluzi. Akaniambia anawahi gulio, dagaa akichelewa anashuka bei. Tukaongozana.

Honi ya kwanza ilipolia nyuma yetu, yule bwana hakugeuka hata shingo. Alitoka kwenye lami akaingia kwenye changarawe na tenga lake, lori likapita, akarudi juu. Honi ya pili, vilevile. Nikahesabu mpaka sita. Kila akishuka tenga linayumba, kila akipanda anasimama kwenye pedali kulivuta upya. Nikamuuliza kwa nini asikae tu ukingoni wapite, mbona lami inatutosha wote? Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni.

"Mura, lami ni ya kwao. Sisi tunaazima."

Nikajiona mjanja. Honi ya saba ilipolia, yeye akashuka, mimi nikabaki. Lilikuwa basi. Halikupunguza mwendo, halikusogea hata kidogo upande wa kulia ambao ulikuwa mweupe kabisa. Lilipita karibu hivi kwamba upepo wake peke yake ulinisukuma, na nilikuja kujitambua niko majanini, Phoenix ya mjomba juu yangu, gurudumu la mbele linazunguka. Dirishani niliona vichwa vya abiria wamegeuka. Walikuwa wanacheka! Mmoja akapaza sauti, "Nunua gari!"

Wapenzi, kilichoniuma si goti. Kilichoniuma ni kwamba ile sauti niliifahamu. Nimepanda mabasi ya njia hii mara ngapi? Mara ngapi nimeona mtu na baiskeli yake akirukia majani, nami nikacheka na wenzangu dirishani? Siku ile nilikuwa najicheka mwenyewe.

Yule bwana alirudi, akaninyanyua, akanyoosha usukani kwa kuubana gurudumu katikati ya magoti yake. Hakunisimanga hata kidogo. Tulipofika Makutano, pale barabara ya Musoma inapokutana na ile kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari mpakani, akashika njia yake na mimi yangu.

Kutoka hapo kwenda Butiama ni kupanda. Kuna mahali nilikuwa naikokota baiskeli badala ya yenyewe kunibeba mimi, na watoto wa shule wakanisindikiza kwa nyimbo. Lakini nilifika! Nikaenda Mwitongo, nikasimama mbele ya kaburi la Mwalimu, aliyezikwa pale Oktoba 1999. Nikakumbuka kwamba Oktoba 1967, akiwa Rais wa nchi, mzee huyu alitoka Butiama akatembea kwa miguu hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Rais, kwa miguu, barabarani. Nadhani siku zile hakuna dereva aliyempigia honi ashuke.

Sasa niungame. Kurudi sikurudi kwa baiskeli. Niliipandisha juu ya gari la abiria, nikashukia Bweri, nikajipaka vumbi kidogo, nikaingia nyumbani napiga pedali kama bingwa. Binamu akanipigia makofi. Leo asome mwenyewe gazetini, yaishe.

Mjomba hakudanganyika. Aliuona usukani umepinda, akaliona goti. Akanikalisha (kwa shida) akaniuliza, "Hukushuka, siyo?" Ndipo akanipa habari ambayo miaka yote sikuwahi kuisikia.

Zamani alikuwa akiishi Bunda. Kazi yake ilikuwa kuchukua samaki Guta, ufukweni mwa Ghuba ya Speke, na kuwapeleka Bunda mjini kwa Phoenix hii hii. Watoto wake wamesoma kwa keria ile. Siku moja alisikia honi, akashuka kama kawaida. Lakini aliyekuwa mbele yake, rafiki yake wa kazi, alikuwa na mzigo mkubwa, akachelewa kidogo tu. Mjomba hakusema zaidi. Alisema tu kwamba lori halikusimama, na kwamba yeye tangu siku ile hajapanda baiskeli tena. Kumbe lile sharti la alfajiri halikuwa woga wa kizee.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kule Cape Town, Afrika Kusini, kila mwaka barabara hufungwa kwa siku moja, watu kwa maelfu wakaizunguka rasi yao kwa baiskeli, kilomita 109, bahari pembeni, na wageni wanalipa kwa ndege kwenda kuifuata raha hiyo. Hata kwetu, miaka hii ya karibuni kuna msafara wa Twende Butiama, watu wanatoka Dar es Salaam kwa baiskeli kumuenzi Mwalimu, na tunawapigia vigelegele. Safi sana. Lakini yule bwana wa dagaa yuko barabarani siku zote zilizobaki. Yeye hafungiwi barabara, wala hapigiwi kigelegele. Anapigiwa honi. Ghuba yetu ni nzuri kuliko picha, ila uzuri wake huwezi kuutazama kama jicho moja muda wote liko nyuma.

Juzi nikapanda basi kurudi. Tulipoiacha Bunda nyuma, mbele yetu akatokea mzee na baiskeli, kafunga magunia mawili ya mkaa. Dereva akabonyeza honi ndefu. Abiria wakaanza kucheka hata kabla mzee hajashuka. Nikajikuta nimesimama (nilikuwa nimesimama tayari, kukaa si hakukaliki?) nikapaza sauti:

"Dereva, kulia kweupe! Mpishe mzee apite na mzigo wake!"

Basi zima kimya. Dereva akanitazama kwenye kioo, akapunguza, akasogea kulia. Mzee akabaki juu ya lami. Wala hakujua kilichotokea, aliendelea zake kupiga pedali.

Kondakta akanigeukia. "Kaka vipi, kwani yule ni nani yako?"

Nikamwambia, "Mjomba wangu."

Haya, wiki ijayo tena, goti likipona.