Mkweme dume si wa kung'oa
Mkweme ni mmea wa asili unaotambaa juu ya miti mirefu, Tanzania hadi Msumbiji. Wachaga huwapa waliojifungua kweme ili maziwa yatoke, na zaidi ya nusu ya kiini chake ni mafuta. Hata hivyo, miti mirefu ikikatwa, mkweme hukosa pa kupanda. Kosa jingine ni kung'oa mmea usiozaa: mkweme una dume na jike, na jike halishiki tunda bila chavua ya dume. Jinsia hujulikana kwenye maua tu. Ni vema mkulima apande mbegu kadhaa kando ya miti imara, na aache dume. Anayeling'oa anajinyima mavuno mwenyewe.