Nani aliamua kompyuta izungumze Kiingereza?

KUJA kwa akili mnemba kumefufua swali la zamani katika fani ya kompyuta: je, binadamu anapoiagiza mashine, ni lazima atumie maneno ya Kiingereza? Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, mtu asiyesomea uandishi wa programu anaweza kueleza anachotaka kwa lugha ya kawaida, na mashine ikamwandikia msimbo. Januari 2023 mtaalamu maarufu wa fani hiyo, Andrej Karpathy, alitamka kwamba lugha ya programu inayovuma kuliko zote sasa ni Kiingereza.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili kauli hiyo ina uzito wa pekee. Historia inaonyesha kwamba Kiingereza hakikuingia katika kompyuta kwa sababu ya maumbile ya mashine, bali kwa maamuzi ya watu.

Ikumbukwe kwamba kompyuta yenyewe haijui lugha yoyote ya binadamu. Inachofuata ni amri zilizoandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Lugha za programu zilibuniwa ili kumpunguzia binadamu adha ya kuandika tarakimu hizo: yeye huandika maneno, na programu maalumu huyatafsiri kwa ajili ya mashine. Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, ililenga hesabu za wanasayansi. Cobol, iliyoanza kuandaliwa mwaka 1959, ililenga biashara na ofisi za serikali, na sentensi zake zilifanana na Kiingereza cha ofisini.

Aliyepigania sana matumizi ya maneno badala ya alama za hesabu ni Grace Hopper, mwanahisabati na ofisa wa Jeshi la Majini la Marekani. Katika miaka ya 1950, akiwa katika kampuni ya Remington Rand, yeye na wenzake waliwaonyesha wakuu wao programu ndogo yenye maneno ya Kiingereza, kisha wakaionyesha ileile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Kwa mashine hapakuwa na tofauti, kwani kilichobadilishwa ni orodha ya maneno tu.

Kwa mujibu wa simulizi ya Hopper mwenyewe katika mkutano uliofanyika Los Angeles mwaka 1978, wakuu hao walishtuka. Haikuwaingia akilini kwamba kompyuta ya Kimarekani, iliyoundwa Philadelphia, ingeweza kuelewa Kifaransa au Kijerumani. Kazi ikaendelea kwa Kiingereza pekee.

Tangu hapo mazoea yamegeuka kuwa sheria. Mholanzi Guido van Rossum alipotoa Python mwaka 1991, na Mjapani Yukihiro Matsumoto alipotoa Ruby mwaka 1995, wote walitumia maneno ya Kiingereza. Hata Lua, iliyobuniwa Brazil mwaka 1993 na kupewa jina la Kireno lenye maana ya mwezi, kwa ndani imejaa Kiingereza. Warusi ni miongoni mwa wachache waliokwenda kinyume: mfumo wao wa kibiashara wa 1C huandikiwa programu kwa maneno ya Kirusi.

Wapo wanaosema suala hili halina uzito, kwa kuwa Python ina maneno maalumu 35 tu, ambayo mwanafunzi anaweza kuyakariri kwa siku chache. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Maneno hayo ni mlango tu. Nyuma yake kuna vitabu, taarifa za makosa na mijadala ya wataalamu, na sehemu kubwa ya hayo imo katika Kiingereza.

Utafiti wa Sayamindu Dasgupta na Benjamin Mako Hill, uliotolewa mwaka 2017, uliwachunguza wanafunzi wa nchi tano wanaotumia Scratch, lugha ya programu ya watoto iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007. Wanaoanza waliotumia maneno ya lugha zao walionyesha dhana mpya kwa kasi zaidi kuliko wenzao wa nchi hizohizo waliotumia Kiingereza. Scratch inapatikana pia kwa Kiswahili.

Afrika Mashariki nayo haikukaa kimya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo hudai istilahi, na istilahi hazishindi kwa kutangazwa bali kwa kutumiwa. Kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, mitaani limeshinda neno kompyuta. Msimbo nao una mpinzani: wapo wasemao "kodi", ingawa neno hilo tayari ni la anachodai mwenye nyumba na serikali.

Je, akili mnemba haikumaliza tatizo, ikiwa mtu anaweza kuiagiza kwa Kiswahili? Jibu ni hapana. Mifumo hiyo imefunzwa kwa maandishi mengi mno ya Kiingereza na machache ya Kiswahili. Zaidi ya hayo, inachorudisha ni Python au JavaScript, lugha za maneno yaleyale ya Kiingereza. Mhasibu wa Saccos anaweza kuomba kwa Kiswahili programu ya kukokotoa riba, akaipata. Asipoweza kuusoma msimbo wake, hatajua kama riba inakokotolewa sawasawa, na hasara itawaangukia wanachama.

Kwa hiyo kuagiza kwa Kiswahili hakutoshi. Inabidi kufundisha kwa Kiswahili pia. Nchini Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha sekondari hukutana na Kiingereza. Kenya iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu mashuleni mwaka 2022. Iwapo BAKITA, vyuo vikuu na waandaaji wa mitaala hawataafikiana juu ya istilahi na kuzifikisha madarasani, uamuzi uliopitishwa na mameneja wa kampuni moja ya Marekani miaka ya 1950 utaendelea kuwaamulia watoto wa Afrika Mashariki nani ataielewa mashine na nani ataiamini tu.