Kumi juu ya kumi katika dini ya wengine

Ukimuuliza mzazi wa Kolwezi mtoto wake anasoma wapi, mara nyingi atakutajia jina la mtakatifu. Kama si mtakatifu, atakutajia Wamethodisti, kanisa la Garenganze au Wakimbangu. Hakuna anayeshangaa. Katika nchi hii ya Kongo shule na kanisa vinakaa nyumba moja tangu tarehe 26 Mei 1906, serikali ya Leopold II ilipotia sahihi mkataba na Vatikani: misheni zipewe ardhi, nazo zifundishe watoto chini ya uangalizi wa dola. Huku mkoani Lualaba mambo yalianza mapema zaidi, maana mmisionari Frederick Arnot alifika na Biblia yake Bunkeya kwa Mfalme Msiri mwaka 1886, kabla Wabelgiji hawajajua shaba yetu iko kilima gani.

Mimi ni mtoto wa mpango huo. Nilisoma kwa masista, kisha nikafundisha katika shule ya msingi ya mkataba wa Kikatoliki, komini ya Manika, hadi nilipostaafu. Serikali inamlipa mwalimu, Kanisa linaiongoza shule: ndivyo zinavyokwenda shule za mkataba tangu tarehe 26 Februari 1977, Rais Mobutu alipowarudishia Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu shule alizokuwa amezitaifisha mwaka 1974. Waislamu walipata mkataba wao baadaye. Wahindu hawana, na kwa uchache wao hapa sidhani wanauhitaji. Wanahitaji kitu kingine, na ndicho kilichonifanya niandike.

Katika darasa langu la nne alikuwamo mtoto wa Kihindi, baba yake Mgujarati mwenye duka la vipuri na betri mjini. Mtoto huyo alizungumza Kiswahili chetu cha Kolwezi bila kujikwaa, akala bukari na sombe nyumbani kwa wenzake, samaki akaacha. Somo la dini alilishika kuliko mtoto wa katekista: Amri Kumi kwa mpangilio, mitume kumi na wawili bila kumsahau Tadei, ambaye kila mtu humsahau. Mwisho wa mwaka nikamwandikia alichostahili. Kwenye buletini zetu Dini iko juu kabisa, kabla ya hesabu na Kifaransa. Kumi juu ya kumi.

Siku chache baadaye nikaingia dukani kwao kununua betri ya redio. Nyuma ya kaunta, kati ya katoni za maziwa ya unga na makopo ya grisi, palikuwa na rafu ndogo: sanamu ya mungu Ganesh ya ukubwa wa mkono, ua la plastiki, taa nyekundu ya umeme na majivu ya udi kwenye kisahani. Buletini ya mtoto ilikuwa imebandikwa ukutani chini yake. Baba akanionyesha mstari wa kwanza kwa kidole. "Madamu," akasema, "mtoto amepata kumi ya dini yenu. Tunashukuru sana. Sasa ya kwetu, nani atampa pointi?" Hakusema kwa hasira. Alicheka, nami nikacheka, akanipunguzia bei ya betri. Swali lakini lilikuwa swali, na katika miaka yote niliyofundisha hakuna mzazi aliyeniuliza zito kuliko hilo.

Huko Uingereza kuna Wahindu waliouliza hivyohivyo, nao walikwenda nalo serikalini. Wengi wao si wageni kwa msomaji wa Kiswahili: ni watu wa Kampala, Jinja, Nairobi, Kisumu na Dar es Salaam, na watoto wao. Idi Amin alitangaza kuwafukuza Wahindi wa Uganda tarehe 4 Agosti 1972 na kuwapa siku 90. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza. Baraza la jiji la Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije Leicester. Walikwenda hivyohivyo, wakafungua maduka, wakajenga mahekalu. Kisha wakatazama shule za mitaa yao wakaona jambo: karibu theluthi moja ya shule zinazolipiwa na serikali ya Uingereza ni za dini, nyingi za Kanisa la Kianglikana na za Kikatoliki. Wayahudi wanazo, Waislamu wanazo. Wao hawakuwa nayo hata moja.

Walikuwa na shule ya kulipia, Swaminarayan School, iliyofunguliwa London mwaka 1992 mtaa wa Neasden, ambapo mwaka 1995 lilizinduliwa hekalu lile kubwa ambalo mawe yake yalichongwa India yakasafirishwa kwa meli. Shule hiyo ilifungwa mwaka 2020. Njia ya pili ndiyo iliyodumu: Septemba 2008, katika wilaya ya Harrow, ilifunguliwa Krishna Avanti, shule ya msingi ya kwanza ya Kihindu inayolipiwa na serikali ya nchi ile. Mshahara wa mwalimu hutoka serikalini. Wenye shule walichangia sehemu ya gharama za majengo. Jikoni hakuingii nyama wala samaki. Watoto wanajifunza Kisanskriti na yoga pamoja na kusoma na kuhesabu, na katikati ya majengo pana hekalu dogo la marumaru. Mwaka 2011 Leicester nayo, Leicester ileile ya tangazo, ikapata Krishna Avanti yake.

Sitamcheka mtu yeyote kwa hili. Sisi tuliokulia kwa masista tutawaambia nini, kwamba kodi ya serikali isilipe shule ya dini? Tungeanza kwa kufunga nusu ya mji wetu.

Lakini kuna upande wa pili, na huo niliusikia kwa simu. Binti wa kaka yangu anaishi London, ameolewa huko, ana mtoto wa miaka minne. Alinipigia akiniomba niende parokiani nimtafutie cheti chake cha ubatizo. Nikadhani ni mambo ya ndoa. La, ni shule. Shule ya Kikatoliki ya mtaani kwao ina waombaji wengi kuliko nafasi, kwa hiyo inatanguliza Wakatoliki, na Mkatoliki sharti aonyeshe vyeti na sahihi ya padri kwamba anahudhuria misa. Nilikaa saa nzima kwenye benchi la ofisi ya parokia huku katibu akifungua madaftari ya zamani, mengine yameliwa na mchwa. Tulikipata. Katibu alipojua kinakwenda kufanya kazi gani alishangaa: kumbe huko mtoto anaingia shule kwa ubatizo?

Krishna Avanti nayo ilipoanza ilikuwa na kipimo chake. Kipaumbele kilikuwa kwa Wahindu wanaoishika dini yao, na miongoni mwa alama za kuishika ilikuwamo kutokula nyama na kutokunywa pombe. Wahindu wengine walilalamika: wapo Wahindu wema wanaokula kuku. Ndiyo shida ya serikali kumwachia mtu wa dini aamue nani ni wa dini. Tangu mwaka 2010 Uingereza imeweka sharti kwamba shule mpya za dini za aina waitayo shule huria, zikijaa, zisichague kwa dini zaidi ya nusu ya nafasi. Sharti hilo naliunga mkono kwa mikono miwili, na ningelipunguza hata chini ya nusu.

Sababu yangu ni ya hapa nyumbani. Sisi wa Kolwezi tuliona mwaka 1992 na 1993 watu wa mtaa mmoja wakifukuzana kwa asili ya babu zao. Familia za Kikasai, Likasi na hapa kwetu, zililala vituoni na mabegi yao zikingoja treni ya kwenda kwenye mkoa ambao watoto wao hawakuwahi kuuona. Niliwaondoa kwenye daftari la mahudhurio watoto niliowafundisha kusoma. Asubuhi moja madawati yalikuwa na nafasi wazi katikati, kama mdomo uliong'olewa meno. Mtu aliyeona hilo hawezi kutamani mji ambao kila kabila la watu, kila dini, kila kampuni ina shule yake ya peke yake. Tayari watoto wa mabwana wa migodi wanasoma kwao na watoto wa mitaa ya Kasulo na Kanina kwao, wale wanaosoma. Huo mgawanyiko unatosha.

Kwa hiyo London ina mlango mwembamba, lakini mtoto akishaingia anafundishwa imani ya kwao. Kolwezi mlango uko wazi kwa wote, nami najivunia hilo: sikuwahi kumwomba mzazi cheti cha ubatizo, na darasani kwangu walikaa Waislamu, Wakimbangu, Mashahidi wa Yehova na huyo mmoja wa Ganesh. Ila wakishaingia wote wanapimwa kwa katekisimu moja. Mimi nadhani tunaweza kuchukua kilicho chema cha kila upande, na tena hatuhitaji sheria mpya. Tunayo.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inatangaza kwamba nchi yetu ni dola isiyofungamana na dini. Ibara ya 43 inampa mzazi haki ya kuchagua namna ya kumlea mtoto wake kielimu. Ibara ya 45 inakataza kumbagua mtu shuleni kwa dini, kisha inasema kwamba shule za taifa zinaweza, kwa kushirikiana na viongozi wa dini, kuwapa wanafunzi walio chini ya umri elimu inayolingana na imani yao, iwapo wazazi wameomba. Iwapo wazazi wameomba. Katika miaka yangu yote kazini sikuona ombi moja, na wala sikuona ibara hiyo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule yoyote, ya kwetu ikiwamo.

Jambo lenyewe si geni hata kwa hao waliotuletea shule. Ubelgiji, baada ya Mkataba wa Shule wa 1958, mzazi katika shule za serikali alipewa kuchagua somo: Ukatoliki, Uprotestanti, Uyahudi, au maadili yasiyo ya dini, na Uislamu ukaongezwa baadaye. Na Lubumbashi ya zamani ilikuwa na rabi wake, Moïse Levy, aliyefika mwaka 1937 na kukaa zaidi ya nusu karne, akihakikisha watoto wa Kiyahudi wa mji ule wanakua wakijua dini yao.

Najua watakalosema wenzangu. Darasa lina watoto sabini, mwalimu hajalipwa, wewe unaleta habari za Ganesh! Tangu elimu ya msingi ya bure ya Septemba 2019 madawati hayatoshi, ni kweli, nimekaa humo. Lakini ninachoomba hakihitaji franka ya serikali. Saa ya dini iwe moja kwa shule nzima. Wazazi wenye imani nyingine walete mtu wao, imamu, mchungaji, mama wa Kigujarati anayejua sala zake, mkuu wa shule amhoji na kumkubali, apewe chumba kimoja. Alama atakazotoa ziingie kwenye mstari uleule wa buletini. Na pale ambapo hakuna wa kufundisha, mstari ubaki wazi na jumla ihesabiwe bila huo.

Wengine watasema shule ni ya Kanisa, asiyetaka aende kwingine. Majengo ni ya Kanisa, sawa. Mshahara ni wa taifa, na taifa ni pamoja na yule baba mwenye duka anayelipa kodi na leseni kila mwaka. Padri mwenye akili hatapoteza kitu. Mtoto wa Kikatoliki atakayemwona jirani yake akienda chumba cha pili na kurudi, kisha wakacheza mpira pamoja saa ya mapumziko, atajifunza somo ambalo sikuwahi kulipata katika kitabu chochote cha katekisimu.

Na kuna watakaosema afadhali tuondoe dini shuleni kabisa, wote wawe sawa. Hao ni wadogo kwa umri. Mimi nilikuwa mwanafunzi ile miaka ya kati ya 1974 na 1977. Misalaba ilishushwa, somo la dini likafutwa, Krismasi ikawa siku ya kazi, na saa iliyobaki wazi tukaimbishwa sifa za chama cha Mobutu, MPR, na Mwongozi wake. Shule iliyodai haina dini ilipata mungu mpya mwenye kofia ya chui.

Mtoto wa vipuri sasa ni mtu mzima na yuko nje ya nchi. Waliobaki ni wengi kuliko yeye, hasa watoto wa Kiislamu wa wafanyabiashara waliotoka Afrika Magharibi, ambao wanazidi kila mwaka mtaani Biashara na kwingineko. Wazazi wao, na wazazi wengine wote wanaohusika, nawaambia hivi: shule zinafunguliwa Septemba. Andikeni barua kabla ya hapo, ukurasa mmoja unatosha, kwa mkuu wa shule na nakala kwa ofisi ya elimu ya serikali. Tajeni ibara ya 45, jina la mtoto na darasa lake, na msiondoke kabla nakala yenu haijapigwa mhuri wa kupokelewa.