Lumbesa ya Jasho



Kama umelelewa Ainabkoi, huhitaji kuelezwa lumbesa ni nini. Ni lile gunia la viazi linaloshonewa wavu juu mpaka linaota kichwa cha pili. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja, anaondoka na gunia na nusu. Kanuni za Kenya zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini msimu ukifika lumbesa bado zinapakiwa. Mkulima analalamika, na ana haki ya kulalamika.

Leo tunakuuliza swali lingine. Yule kijana aliyeinama siku nzima kuvichimba hivyo viazi, yeye anapimiwa kwa gunia gani?

Amka alfajiri upite Burnt Forest ama Kapsoya. Utawaona vijana wamesimama wakingoja kuitwa. Mmoja anaenda shambani, mwingine mjengo, mwingine kushusha mizigo mjini Eldoret. Hakuna aliyeandikiwa chochote. Bosi anataja bei, na ukikataa kuna mwenzako nyuma yako anakubali. Mliambiwa mtatoka saa kumi, mnatoka magharibi, na pesa ni ile ile. Hiyo ni lumbesa ya jasho: malipo ni ya gunia moja, kazi imeshonewa wavu juu.

Tuangalie sheria inasemaje. Kuanzia 1 Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kwa asilimia 6. Kibarua wa kawaida Nairobi au Mombasa akawekewa Sh16,113 kwa mwezi. Mfanyakazi wa shamba asiye na ujuzi akawekewa Sh7,997. Gawa hiyo ya shamba kwa siku 26 za kazi, unapata kama Sh308 kwa siku. Toa unga, mafuta, nauli na karo, kisha utuambie kimebaki nini. Na hicho ndicho kiwango cha kisheria kilichowekwa mwaka huo! Kuna wengi wanaolipwa chini yake na hawajui kwamba mwajiri anavunja sheria.

Mbona mtu wa shamba awekewe nusu ya mtu wa mjini? Jibu liko kwenye historia ya ardhi hii. Makaburu walifika Uasin Gishu mwaka 1908, wakagawiwa mashamba makubwa. Shamba kubwa bila mikono ni nyasi tu. Kwa hiyo serikali ya mkoloni iliweka kodi ya kibanda ili Mwafrika alazimike kutafuta shilingi, kisha ikaleta kipande ili asiweze kumkimbia mwajiri. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi. Harry Thuku alipowakusanya watu Nairobi kupinga mambo hayo, alikamatwa Machi 1922, na waliojitokeza kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Reli inayopita Ainabkoi ilifika Eldoret mwaka 1924, kubeba mazao ya kazi hiyo hiyo ya bei rahisi. Mkoloni aliondoka. Fikra kwamba mtu wa shamba anaweza kuishi kwa chochote haikuondoka naye.

Utasikia watu wakisema mishahara midogo ndiyo inaleta wawekezaji na kazi. Tulifikirie hilo polepole. Mfanyakazi wa Ainabkoi akilipwa vizuri, pesa zake haziendi Uswisi. Zinaenda kwa mama mboga, kwa fundi cherehani, kwa duka la mtaa, kwa bodaboda, kwa mwenye nyumba. Akilipwa vibaya, anakopa. Duka linajaa daftari la madeni, mwenye duka naye anashindwa kulipa mtu wake, na mji mzima unazunguka palepale. Bosi mmoja ameokoa shilingi mia, mtaa umepoteza mia hiyo mara kadhaa.

Halafu kuna gharama ambayo bosi hailipi, sisi tunailipa. Kibarua asiyekatiwa NSSF akizeeka, analishwa na watoto wake. Asiyelipiwa bima akiugua, tunachangishana msikitini na kwenye makundi ya WhatsApp. Ni sadaka njema, na tutaendelea kutoa. Lakini tujue pia kwamba sehemu ya sadaka hiyo inaziba shimo lililochimbwa na mwajiri.

Na vijana wanaondoka. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Tunajivunia nambari hiyo, lakini ndani yake kuna dada zetu walioenda kufanya kazi za nyumbani Ghuba, wengine wakanyang'anywa pasipoti, kwa sababu hapa nyumbani kazi haikuwalisha.

Kuna hoja moja ya haki lazima tuijibu: mkulima mdogo mwenye ekari mbili anasema hana uwezo wa kulipa zaidi. Mara nyingi anasema kweli, maana yeye mwenyewe amepunjwa kwa lumbesa. Ndiyo maana vita ya lumbesa na vita ya mshahara ni vita moja. Lakini si kila anayesema hawezi hawezi. Kima cha chini kilipopandishwa New Jersey, Marekani, Aprili 1992, watafiti David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya huko na ile ya jimbo jirani la Pennsylvania, ambako hakikupanda. Hawakuona ajira ikipungua New Jersey. Card alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2021. Hiyo haimaanishi mshahara wowote unawezekana. Inamaanisha usikubali kutishwa kwa maneno matupu.

Sasa tuje kwetu, na hapa ndipo penye uchungu. Sisi ni wepesi wa kupaza sauti polisi wakimchukua kijana wetu bila sababu. Na tupaze. Lakini je, yule kijana anayebeba magunia kwenye duka la mjomba wako? Yule dada anayeosha vyombo kwenye hoteli ya halali, tangu asubuhi mpaka usiku, bila siku ya mapumziko? Yule msichana wa kazi nyumbani kwenu? Kwenye Qur'ani kuna sura nzima yenye jina la wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin. Tusidhani mizani ni ya sukari na mchele peke yake. Saa za mtu nazo zinapimwa. Haki ya Muislamu tunayoidai serikalini haiwezi kusimama sawasawa kama tunamnyima mwingine haki yake, awe Muislamu au asiwe.

Kwa hiyo, wewe unayesoma hapa, fanya haya.

Kama ni mfanyakazi, andika kila siku uliyofanya kazi na uhifadhi jumbe za M-Pesa za malipo. Huo ni ushahidi. Jua kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, sheria inamhesabu kama wa mkataba wa mwezi, mwenye haki zake. Ndiyo maana wengine huambiwa "pumzika kidogo halafu urudi" kabla mwezi haujaisha. Ukidhulumiwa, nenda ofisi ya leba, na usikae sana, kwa sababu madai ya kazi yana muda wake. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya malipo ya haki na ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Mmoja akidai peke yake anafukuzwa. Ishirini wakidai pamoja wanaitwa mezani.

Kama ni mtoto wa mwenye duka, shamba ama hoteli, muulize mzee kwa adabu: "Baba, huyu tunamlipa ngapi, na tunamkatia NSSF?" Swali hilo moja, likiulizwa sebuleni, linaweza kufanya kazi ambayo maandamano hayajafanya.

Lumbesa tulizoea mpaka tukaiona kawaida. Hii ya jasho tusiizoee.

Wassalaam.