Jeraha lililopakwa oili chafu

Ukitoka ibadani leo na njia yako ikipita Jangwani au mitaa ya Kariakoo, simama dakika mbili chini ya mwarobaini ulio kando ya barabara, ulitazame shina lake. Huenda ukakuta misumari ya matangazo. Huenda ukakuta mahali palipobanduliwa magome kwa ajili ya dawa, maana mti huu umepata jina lake kwa kusifiwa kuwa unatibu maradhi arobaini. Na chini, usawa wa bampa, alama za kirikuu na maguta yanayoshusha mizigo.

Mwarobaini ulio mbele ya nyumba tunayoishi ulichunwa na lori mwaka jana, gome likatoka eneo la upana wa sahani. Jirani yangu, mtu mwema kabisa, alikuja na kopo la oili chafu na brashi. Baada ya dakika tano jeraha halikuonekana tena, shina jeusi tii, nasi tukamshukuru. Miezi kadhaa baadaye nilibonyeza pale kwa kidole. Gome la pembeni lilikuwa limelegea, na nyuma yake mna unyevu na wadudu.

Nikaanza kuulizauliza. Kumbe mti hauponi kama ngozi yetu. Sehemu iliyojeruhiwa haifanywi upya kamwe. Mti huizungushia ukuta kwa ndani ili uozo usisambae, kisha huotesha sehemu mpya kuanzia kingoni, kidogo kidogo, na kazi hiyo hufanywa na utando mwembamba ulio hai chini ya gome. Mtaalamu wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mashine, akaonyesha kwamba rangi na lami tunazopaka kwenye vidonda vya miti hazizuii kuoza. Wajapani wanaolea miti midogo ndani ya vyungu, ukiwamo mti wao uitwao momiji, ambao joto letu lingeutesa, wao hupaka dawa ili kingo zisikauke. Lakini hawapaki kabla ya kisu. Kwanza hukata gome lililochanika mpaka wafike kwenye gome zima, ndipo wapake, kisha wasubiri. Husubiri miaka.

Kisu hicho ndicho tusichokipenda kanisani.

Namfahamu mama lishe mmoja wa Kariakoo aliyeweka akiba katika kikoba cha kina mama wa kanisa lake. Siku ya kuvunja kikoba fedha hazikuwepo. Wazee walimwita, wakaomba pamoja, wakamwambia asamehe, yaishe, asilitie kanisa aibu. Mweka hazina alikuwa amekaa pale pale na daftari halikufunguliwa. Funika kombe mwanaharamu apite! Sasa mama yule ameacha kwaya, na watu wanasema ana uchungu moyoni, tumwombee.

Nabii Yeremia, katika sura ya 6 na tena ya 8, aliwalalamikia viongozi wa dini waliotibu jeraha la watu juu juu na kutangaza amani isiyokuwapo. Msamaria wa Luka 10 hakumwuliza majeruhi kama amekwisha kuwasamehe wanyang'anyi. Alimwagia mafuta na divai, na divai kwenye kidonda kibichi inachoma, kisha akatoa fedha yake mwenyewe. Naye Zakayo alipotubu alitaja hesabu mbele za watu, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Msamaha ni amri, sibishi. Ila sioni mahali Bwana alipoutumia kufungia daftari.

Mwarobaini wetu tuliukata kingo kwa kisu kikali kabla ya mvua za masika. Pembeni pameanza kuvimba, unene wa kamba ya kiatu. Katikati bado pako wazi na kila mpita njia anapaona, na jirani yangu haachi kuuliza kama kweli hatuwezi kupaka chochote.

Kwako mzee wa kanisa unayesoma haya kabla ya ibada ya pili: daftari la kikoba lije mezani leo, na yule mama mpeni kiti.