Nunueni diski mbili

Na Zuhura Msangi

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Afrika Kusini na Msumbiji. Tanzania iliumia sana, na Kenya, Uganda na Rwanda nazo zikasuasua. Malalamiko mengi yalihusu kazi na biashara. Picha hazikusemwa sana, ingawa kila familia iliyoweka harusi, mahafali na sauti za wazee wake kwenye seva za ng'ambo pekee ilikuwa mbali na kumbukumbu zake, hata zile zilizorekodiwa mtaani kwao.

Nafasi hiyo ya ng'ambo nayo ina mipaka. Tangu Juni 1, 2021 Google Photos iliacha kupokea picha bila kikomo, na kila picha mpya huhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure ambazo barua pepe nazo zinazila. Video za 4K za saa mbili hazienei humo. Baada ya hapo ni kulipia kila mwezi, miaka yote.

Njia nyingine ni ghala la faili la nyumbani, na bei yake si ya kutisha: kompyuta ya bodi moja, diski, na waya wa kuiunganisha na ruta ya nyumbani. Bodi ya namna hiyo, Raspberry Pi, ilianza kuuzwa Uingereza Februari 29, 2012 kwa dola 35, ikiwa na ukubwa wa kadi ya benki. Lengo lilikuwa kuwarudisha vijana kwenye uandishi wa programu. Waliojaribu kuigeuza kuwa ghala la faili walikwama mapema, kwa sababu tundu la mtandao na matundu ya USB yaligombania njia moja ndani ya bodi, na mtandao wenyewe uliishia megabiti 100 kwa sekunde. Folda ya gigabaiti 50 ilihitaji zaidi ya saa nzima. Raspberry Pi 4, iliyotoka Juni 2019, ilitenganisha njia hizo, ikaleta USB 3.0 na mtandao wa gigabiti moja. Kwa diski nzuri, folda ile ile sasa inapita chini ya dakika kumi.

Lakini ruta itazamwe kwanza. Nyingi za bei nafuu bado zina matundu ya megabiti 100, na hapo hata bodi mpya kabisa itakwenda mwendo wa ile ya zamani.

Programu ni za bure. OpenMediaVault, iliyoanzishwa na Mjerumani Volker Theile juu ya mfumo wa Debian, inasimamiwa kwa kivinjari cha kawaida kutoka kompyuta yoyote ya nyumbani. Ndani yake inafanya kazi Samba, inayoziwezesha kompyuta za Windows, Mac na hata simu kuliona ghala hilo kama folda. Andrew Tridgell alitoa toleo la kwanza la kazi hiyo Januari 1992 akiwa mwanafunzi mjini Canberra, Australia, akaigawa bure.

Kinachoangusha wengi ni umeme. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na chaja nyingi za simu hazifiki hapo. Matundu yake manne ya USB yanagawana ampea 1.2 tu kwa jumla. Diski ndogo ya nje inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea nzima peke yake. Ukichomeka mbili, volti inashuka na diski inajikata katikati ya kuandika faili. Mtu anailaumu diski, anairudisha dukani, anapewa nyingine, nayo inafanya vilevile. Dawa ni habu ya USB yenye chaja yake yenyewe. Umeme wa mtaani ukikatika ghafla, kadi ya memori iliyobeba mfumo inaweza kuharibika, kwa hiyo UPS ndogo ni sehemu ya vifaa vya lazima. Habari njema ni kwamba mzigo wote ni mdogo: bodi na diski moja ndogo vikitumia wati 10 usiku na mchana, kwa mwezi ni uniti 7 na kidogo.

Wapo wanaoamini kwamba kuziunganisha diski mbili kwa mtindo wa RAID, ambapo kila faili huandikwa kwenye zote mbili, kunatosha. Hakutoshi. RAID inasaidia diski moja ikifa, lakini mtoto akifuta folda ya picha za bibi, inafutika kwenye zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba sanduku, amebeba zote. Diski ya pili inapaswa kukaa pembeni, ichomekwe tu wakati wa kunakili, kisha ipelekwe nyumba nyingine.

Pia ghala hili lisifunguliwe moja kwa moja kwa intaneti ili mtu aone picha zake akiwa safarini. Januari 2022 virusi vilivyoitwa Deadbolt vilivamia maelfu ya seva za nyumbani za QNAP zilizokuwa wazi hivyo, vikafunga faili kwa nywila na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mwathirika. Hizo zilikuwa seva za kampuni kubwa. Bodi iliyofungwa na kijana wa nyumbani, ambayo nywila yake haijawahi kubadilishwa, haiwezi kuwa salama zaidi. Anayetaka kuifikia kutoka mbali atumie VPN kama WireGuard.

Kwa hiyo bajeti ikibana, punguza kwenye bodi. Raspberry Pi 4 iliyotumika inatosha kabisa. Fedha inayobaki inunue diski ya pili, na mwisho wa mwezi huu, baada ya kunakili, mpelekee shangazi au kaka anayeishi mtaa mwingine akuhifadhie.