Wanaokataa Kuua Wapeleke Dawa

Kuua mgonjwa kwa huruma ni jambo ambalo makanisa mengi yamekwisha kulitolea kauli. Uholanzi na Ubelgiji ziliruhusu kwa sheria mwaka 2002, Kanada mwaka 2016; Kanisa Katoliki likasema hapana, kama Papa Yohane Paulo II alivyokwisha kusema katika waraka wake wa Evangelium Vitae mwaka 1995. Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wengi wa Afrika Mashariki wanasema vivyo hivyo. Mimbarani neno huishia hapo, waumini wakaitikia Amina.

Kitandani haliishii hapo. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kuingia mifupani analia usiku kucha, na watoto chumba cha pili wanajifunika shuka kichwani wasisikie. Akimwomba Mungu amchukue, hukosi mtu wa kumkemea kwamba imani imempungua. Ni ukatili huo! Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, na Mungu hakumhesabu kuwa mwasi.

Wapo Wakristo wakubwa waliofika mahali pengine. Askofu Mkuu Desmond Tutu, alipokuwa akitimiza miaka 85, Oktoba 2016, aliandika kwamba angependa naye awe na hiari ya kusaidiwa kufa. Huyo si mtu wa kupuuzwa, na huruma yake haina shaka. Lakini mgonjwa wa kwetu anajua kwamba bili ya hospitali imekwisha kuuza ng'ombe na sasa inalisogelea shamba. Akisema amechoka kuishi, nani atakayejua kama ni yeye anayesema au ni deni? Sheria ikimfungulia mlango huo, wa kwanza kuupita watakuwa wale wanaojiona mzigo.

Njia nyingine ipo, tena imejaribiwa jirani. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha shirika la Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Dawa yake kuu ni mofini ya kunywa: unga unaochanganywa na maji, ukatiwa rangi ili nguvu ya dawa itambulike, ukafungwa kwenye chupa za plastiki. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Serikali ya Uganda iliigawa bure, na mwaka 2004 ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa, kuiandika wenyewe, kwa kuwa vijijini daktari ni adimu.

Wanaoogopa kwamba mofini ni kumuua mgonjwa polepole wamsikilize Papa Pius XII. Mwaka 1957 aliwaambia madaktari kwamba kutuliza maumivu ni halali hata kama dawa itapunguza siku, mradi kusudi liwe kutuliza. Mwaka huohuo alifundisha pia kwamba hakuna anayelazimika kung'ang'ania tiba zinazopita kiasi. Basi ndugu wanaokubali mashine ya kupumulia iondolewe, pale isipobakiza faida, wasiitwe wauaji. Yohane Paulo II mwenyewe, mwishoni mwa Machi 2005, hakurudishwa hospitali ya Gemelli. Alibaki chumbani mwake hadi alipofariki tarehe 2 Aprili.

Kwa hiyo lawama ina mahali pake. Kanisa linalokataza sindano ya kifo halafu likamwacha mtu na vidonge vya panadol limemkatalia mara mbili. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, imeonyesha kwamba wauguzi na watu wa kujitolea wa sharika wanaweza kumfuata mgonjwa nyumbani kwake. Sharika na parokia nyingine zinangoja nini? Harambee ya mnara wa kengele inajaa kwa Jumapili chache. Ya nauli ya muuguzi, godoro na sabuni nayo ingejaa. Na wazee wa kanisa wakienda kumwona mganga mkuu wa wilaya, swali la kwanza liwe kama mofini ipo, na kama haipo, italetwa lini.